Msiba wa Bibi Notburga

Mzee Isidori Kinunda hakuwa na simu ya kugusa. Hakuwa na mke tena, wala mwana. Mke alilala nyuma ya kanisa la kigango, na mwanawe Steven alilala pembeni ya mama yake. Hakuwa na meno ya nyuma upande wa kushoto. Hakuwa na miwani iliyolingana na macho yake, kwa sababu ile aliyokuwa nayo aliichagua mnadani kwa kuijaribu usoni, akakubali iliyomwonyesha kidole chake vizuri. Hakuwa na ng'ombe, hakuwa na deni, na hakuwa na rafiki aliyemwamini kwa moyo wote. Kwa hilo la mwisho hakuona upungufu wowote.

Watu wa Mpepai walimjua hivyo. Akinunua mbolea, aliufungua mfuko palepale mbele ya muuzaji akainusa. Padri mpya alipoletwa parokiani, Mzee Isidori alikaa benchi la nyuma tangu masika mpaka mavuno, akimpima. Mgeni akipita kando ya shamba lake la kahawa akasalimia, aliitikia kwa adabu, halafu alisimama na jembe mkononi akimtazama mpaka alipoishia kwenye kona.

"Huyu anatafuta nini huku?" aliuliza.

"Anatafuta njia," alijibu dada yake mkubwa, Bibi Notburga. "Njia ndiyo hiyo aliyopita."

Notburga alikuwa ameolewa Matiri na kukaa huko karibu maisha yake yote. Mumewe alipofariki alirudi kwa mdogo wake, akaleta sufuria zake, kuku wake na ulimi wake.

Watu wa ukoo tu ndio waliopita bila kutazamwa. Kwa Wamatengo wa rika la Mzee Isidori, mtu akishasema, "Mimi ni Kinunda," maswali yamekwisha. Anapewa kiti, anapewa maji ya kunawa, anasogezewa sahani. Zamani ilikuwapo sengu: wanaume wa ukoo walikula pamoja uwanjani kwa mkubwa wao, kila nyumba ikileta chakula chake, watoto wakikaa pembeni wakisikiliza mambo yanavyoamuliwa. Mwenye jina lile akifika, aliketi akala. Kumuuliza mtu wa ukoo yeye ni nani kulikuwa sawa na kumwambia kwamba mama yake alidanganya.

Sengu zilikufa watu walipotawanyika. Wengine walikwenda Songea, wengine Dar es Salaam, wengine wakateremka ziwani. Ndipo Joakim, mtoto wa mdogo wake Isidori, mwalimu pale Mbinga mjini, alipofungua kundi la Wasapu akaliita Ukoo wa Kinunda.

"Hii ndiyo sengu ya sasa, baba mkubwa," alisema. "Mtu akiugua Liparamba, sisi tunajua kabla hajameza dawa."

Mzee alikuwa na kitochi tu, simu ya kupigia na kumulikia. Kwa hiyo aliyeingizwa kundini kwa niaba ya nyumba alikuwa mjukuu wake, Vitalia, mtoto wa marehemu Steven. Mama yake, Albina, alifanya kazi jikoni kwenye hoteli moja Dodoma, na alikuwa amemtumia binti yake simu ya kugusa ili wawe wanaonana usoni. Kila jioni baada ya kula, Vitalia aliwasomea wazee habari za ukoo: nani amezaa, nani amelazwa, michango ya msiba imefika wapi. Alikuwa na sauti nzuri. Aliimba sauti ya kwanza katika kwaya ya watoto, na hata tangazo la mchango alilisoma kama anaimba.

Vitalia alipofaulu darasa la saba, Mzee alimwita Joakim aje na simu yake yenye kamera nzuri. Mtoto alipigwa picha mbele ya kichanja cha kahawa akiwa na sare ya kwaya, babu yake kando na koti lake la kanisani, na Mzee mwenyewe akataja maneno ya kuandika chini yake: jina lake lote, umri wake, shule aliyochaguliwa, kijiji, na kwamba baba yake ni marehemu ila babu yupo. Hongera zilimiminika. Mzee alitaka zisomwe, kisha zisomwe tena.

"Hii inatoka kwa baba mdogo Romanus, wa Matiri," Vitalia alisoma. "'Hongera mwanangu, umetutoa kimasomaso.'"

"Romanus wa Matiri," alisema Mzee, akitikisa kichwa kwa furaha. "Watu wa ukoo wana maneno."

Notburga alikuwa anachambua maharage. "Romanus yupi?" aliuliza, lakini Mzee alikuwa ameshataka hongera inayofuata.

*

Kipindi cha kuchuma kahawa kilipofika, na shule zikafungwa, Mzee Isidori alianza kuona mambo.

Vitalia aliacha kuimba akichuma. Alizisoma habari za ukoo haraka, kama mtu anayevuka mto kwenye gogo. Alikwenda chooni na simu. Mlio wa ujumbe ukiingia, mabega yake yalipanda. Na lililomkera Mzee zaidi ya yote, simu ile ilikuwa na bando wakati wote, ingawa Albina alikuwa amepiga simu kusema kwamba mwezi huu mshahara umechelewa na hataweza kutuma chochote.

Bando lilitoka wapi? Mzee alipeleka macho yake kituo cha basi, kwenye duka la Musa.

Musa aliuza sukari, sabuni, mafuta ya taa na vocha, na alichaji simu za watu. Babu yake alitoka pwani, na yeye alizaliwa hapahapa, lakini Mzee Isidori alikuwa bado anamtazama. Vitalia alikwenda pale kuchaji simu. Wakati mwingine alikaa.

Mzee alivaa koti lake la kanisani, akashuka kituoni mchana kweupe.

"Shikamoo, Mzee Kinunda," alisema Musa.

"Marahaba. Unampa mjukuu wangu bando kwa ajili ya nini?"

Dukani palikuwa na wanawake wawili waliofuata chumvi. Walinyamaza kwa namna ya watu wasiotaka kukosa neno. Zamda, mke wa Musa, alikuwa anapima sukari. Kijiko kilisimama hewani.

"Mzee wangu," alisema Musa taratibu, "mimi bando nauza, sigawi. Hata shemeji yangu sijampa. Muulize huyu."

"Hajampa kweli," alisema Zamda. "Kaka yangu kanuna mpaka leo."

Wanawake wa chumvi walicheka. Mzee hakucheka.

"Mtoto anakaa hapa."

"Anasubiri simu ijae. Anakaa na Zamda, pale kwenye gunia, mlango wazi, kila mtu anamwona." Musa alizunguka meza, akasogea karibu, akashusha sauti. "Lakini umeuliza jambo, Mzee, na mimi nina jambo. Juzi mtoto ameniuliza: mtu akikutumia bando ambalo hukumwomba, unaweza kumrudishia? Nikamwambia halirudi. Akachukua simu akaondoka. Mimi nimefanya biashara hii muda mrefu. Mtoto anayetaka kurudisha bando sijawahi kumwona."

Mzee alimtazama sana. Kisha aliaga na kuondoka, na njiani alimshuku Musa zaidi, kwa sababu alikuwa amejibu vizuri mno. Lakini swali lile la kurudisha bando lilipanda naye mlima hadi nyumbani.

*

Alimkuta Vitalia kwenye kichanja, anageuza kahawa juani. Notburga alikuwa upande wa pili, anatoa mbegu mbaya.

"Nani anakutumia bando?"

Vitalia aliendelea kugeuza kahawa.

"Nakuuliza! Leo nimesimama dukani kwa watu kama mwizi wa kuku. Nani? Husemi? Basi simu hiyo naitupa chooni, sasa hivi, na mama yako nitamwambia nimeitupa."

"Itupe, Babu," alisema Vitalia.

Mzee alikuwa amejiandaa kwa kilio. Hakuwa amejiandaa kwa hilo. Mtoto alitoa simu mfukoni mwa sweta akamnyooshea.

"Kwanza useme ni nani."

Vitalia alitazama kahawa. "Baba mdogo Romanus."

"Romanus yupi?"

"Wa kwenye kundi. Wa Matiri."

Kifua cha Mzee kilishuka kama mzigo uliotuliwa. Alivua kofia akajipepea.

"Romanus! Kinunda mwenzetu! Sasa mbona hukusema, mtoto wewe? Umeniacha niende kumtukana mtu dukani, kumbe ni baba yako mdogo anakusaidia?" Alicheka. "Anataka nini?"

"Anasema Jumamosi niende Mbamba Bay. Eti kuna watu wanarekodi kwaya, wanatafuta sauti. Atanipokea stendi."

"Basi utakwenda. Mtu wa damu yako akikuita, unakwenda. Dada, tafuta kifuko kizuri, tumfungie Romanus maharage, yale mapya. Asiseme mtoto alikuja mikono mitupu."

Aliingia ndani kutafuta kamba. Mtu aliyenusa mbolea na kumpima padri, na sasa hivi tu alikuwa amemshuku mwenye duka kwa kujibu vizuri, alisikia jina la ukoo na akili yake ikavua viatu ikalala.

Notburga hakuinuka kutafuta kifuko. Alikuwa anamtazama Vitalia. Mtoto alikuwa anageuza kahawa ileile, sehemu ileile, mkono unakwenda na kurudi, na mbegu zilikuwa zinadondoka chini bila yeye kuziona.

"Isidori," aliita Notburga. "Njoo hapa."

"Natafuta kamba."

"Acha kamba. Njoo."

Alikuja. Notburga alimvuta kando, kwenye migomba.

"Mimi nimekaa Matiri tangu sijaota mvi moja. Kina Kinunda wa Matiri wote wamekula kwangu, wengine wamekojolea kanga zangu. Romanus huyu ni mtoto wa nani?"

"Atakuwa wa upande ule wa..."

"Upande upi?"

Mzee alirudisha kofia kichwani. "Muulize Joakim," alisema.

Walimpigia Joakim kwa kitochi. Joakim alikuwa kwenye kikao, akanong'ona. "Romanus? Mimi nilidhani ninyi ndio mnamjua, baba mkubwa. Yeye aliingia kwa linki. Linki inazunguka tu, mtu anampa mwenzake. Kwenye misiba anatoa pole kuliko wote."

"Hukumuuliza ni nani?"

"Baba mkubwa! Nimuulize mtu wa ukoo yeye ni nani? Si utanifukuza wewe mwenyewe?"

Mzee alikata simu. Aliirudisha mfukoni.

"Inawezekana ni kweli," alisema. "Watu ni wengi. Nikimuuliza, na kumbe ni mtoto wetu, nimemvua nguo."

"Basi usimuulize," alisema Notburga. "Mpe habari ya msiba."

"Msiba wa nani?"

"Wangu."

*

Vitalia aliandika, Notburga alitaja maneno, na Mzee alisimama nyuma yao akishika miwani yake kwa mkono ili isiteleze.

Ujumbe ulisema hivi: Shikamoo baba mdogo. Jumapili tuna misa ya kumbukumbu ya Bibi Notburga wa Matiri. Babu anasema hamkuonana siku ile ya mazishi kwa sababu watu walikuwa wengi.

"Hakuna swali hapo," alisema Notburga. "Hakuna matusi. Kama ni mtu wetu atasema, 'Bibi Notburga amekufa lini, mbona nilimwona Pasaka anagombana na kuku?'"

Jibu halikukawia. Vitalia alilisoma kwa sauti ndogo.

"'Marahaba. Mwambie pole sana. Kweli watu walikuwa wengi. Mimi nilibeba jeneza, upande wa miguuni. Bibi yule alinilea kwa mikono yake, nililia sana. Lakini Jumamosi usikose.'"

Kuku walikuwa wanachakura chini ya kichanja. Hakuna aliyewafukuza.

"Upande wa miguuni," alisema Notburga. "Hakusema kama nilikuwa mzito?"

Alicheka, na kicheko kilikatika katikati. "Soma lile la mwisho tena."

"'Lakini Jumamosi usikose.'"

"Amenizika, machozi hayajakauka, na Jumamosi haijamtoka akilini."

Simu ililia tena mkononi mwa Vitalia. Safari hii hakusoma. Aliigeuza chini kwenye mapaja yake, akaanza kulia bila sauti.

Mzee aliichukua. Aliisogeza mbali na macho, kisha karibu, mpaka herufi ziliposimama. Umemwambia nini babu yako? Kumbuka nilicho nacho. Nikikitia kundini, ukoo mzima utakiona.

"Ana nini?" aliuliza Mzee.

Habari ilitoka kidogo kidogo. Kwanza alikuwa mwema. Aliuliza habari za shule, akamwombea marehemu baba yake. Alituma bando ili waongee vizuri. Alisema babu ni mkali, asiambiwe, atanyang'anya simu. Halafu akaomba picha za kupimia sare za kwaya, moja, nyingine, na nyingine. Na moja kati ya hizo Vitalia hakutaka mtu yeyote aione tena duniani. Alipokataa kutuma zaidi, baba mdogo alibadilika. Sasa ilikuwa aende Mbamba Bay Jumamosi, au picha iingie kwenye kundi la ukoo.

"Nilitaka kukwambia," alisema Vitalia. "Lakini alisema utanyang'anya simu na kunipiga. Na wewe umesema unaitupa. Nikataja jina lake nikajua utakasirika naye. Ukasema tumfungie maharage."

Swali lilimpanda Mzee kooni, lile la kwa nini ulituma. Lilifika mpaka kwenye meno. Notburga alimkanyaga mguu, kwa uzito wote ambao mbeba jeneza hakuutaja.

Mzee Isidori aliketi chini, kwenye vumbi, na suruali yake ya kanisani.

"Nimemshuku Musa," alisema. "Nimemshuku padri, mtu wa watu. Nimemshuku hata yule bwana shamba aliyekuja kutupa miche bure. Na huyu nikaenda kumtafutia kamba ya kufungia maharage."

Vitalia alimtazama katikati ya machozi, na kitu kama kicheko kikamtoka puani.

"Hutakwenda Mbamba Bay," alisema Mzee. "Na mimi sikupigi. Na simu sitaitupa. Umesikia?"

"Nimesikia, Babu."

*

Asubuhi walikwenda Mbinga mjini, wote watatu, mpaka polisi, kwenye Dawati la Jinsia na Watoto. Waliyemkuta ni askari wa kike aliyejitambulisha kwa jina la Hilda. Mzee alimwuliza ametokea wapi, amekaa kazini muda gani, na kama yumo kwenye kundi lolote la ukoo. Afande Hilda alijibu yote bila kukasirika.

"Uliza tu, Mzee," alisema. "Laiti wote wangeuliza."

Hakumwuliza Vitalia kwa nini. Alimpa kiti karibu na Bibi yake, akamwambia kwamba aliyefanya kosa ni mmoja tu na hayumo chumbani humu. Aliagiza ujumbe wowote usifutwe, hata ule wa aibu, kwa kuwa ndio ushahidi. Aliagiza mtoto asijibu tena, asimfungie mtu huyo kwenye simu, na asiende popote. Watakaokwenda ni polisi.

"Kama yeye mwenyewe ametaja siku na mahali," alisema, "tutamkuta."

Jumamosi Vitalia alibaki nyumbani na Notburga. Mzee hakuwa na kazi yoyote Mbamba Bay, na Afande Hilda alimwambia hivyo, lakini alipofika kwenye gari la polisi alimkuta ameshakaa kiti cha nyuma na koti lake la kanisani.

Barabara iliteremka milima mpaka ziwa likajitandaza chini, hadi upande wa pili usioonekana. Kwenye mchanga wanawake walikuwa wameanika usipa, samaki wadogo wanaong'aa, na harufu yake ilifika stendi. Gari lilisimama mbali kidogo. Askari wawili waliovaa kiraia walishuka wakaenda kununua muwa. Mzee aliambiwa akae.

Aliwatazama watu. Aliwashuku wote, mmoja baada ya mwingine: mwenye kofia iliyovutwa mpaka kwenye macho, mwenye miwani myeusi, kijana wa bodaboda aliyecheka sana. Basi kutoka Mbinga lilipoingia, hakuna hata mmoja kati yao aliyegeuka. Aliyegeuka alikuwa mwanamume aliyekaa kwenye benchi la muuza chai, shati limepigwa pasi, rozari shingoni, mfuko wa biskuti mapajani. Angeweza kuwa mwalimu wa kwaya. Mzee angempisha kiti.

Afande Hilda alibonyeza namba kwenye simu yake. Simu iliita kwenye mfuko wa shati lile lililopigwa pasi.

Muwa ulidondoka, askari walimshika mikono, na biskuti zikamwagika. Mzee hakukumbuka kufungua mlango wa gari. Alijikuta tu amesimama mbele ya mtu yule. Yule mtu alimwangalia, koti, miwani, uso, na akajua. Alikuwa ameiona picha yake kundini mara nyingi. Akainamisha kichwa kwa heshima, sauti laini kabisa.

"Shikamoo, baba."

Marahaba ilikuja yenyewe. Tangu siku ya kwanza aliposalimiwa hivyo akiwa kijana, haikuwahi kumhitaji afikiri. Ilitoka kama pumzi. Ilifika kwenye ulimi, na Mzee Isidori akafunga mdomo. Alimnyima. Ilimkwama kooni kama mwiba wa samaki, akabaki nayo hivyo, wakati watu wa stendi wakikusanyika na mtu yule akirudia, kwa sauti ya juu zaidi ili wasikie, "Shikamoo, baba! Baba, waambie mimi ni wenu!"

"Mwana wa nani?" aliuliza Mzee.

Askari walimgeuza mtu yule, wakamwongoza kwenye gari.

Baadaye Afande Hilda alimweleza kidogo, yale aliyoruhusiwa. Kwenye simu ile kulikuwa na makundi mengine ya koo nyingine, na jina lingine kwa kila kundi. Kila mahali alikuwa baba mdogo wa upande mwingine.

*

Jumapili Joakim alikuja na pikipiki, uso umemshuka. Alisema ameshafunga linki na atatoa tangazo kundini watu wote wajihadhari.

"Usitoe," alisema Mzee. "Humo kundini unawajua wote?"

"Wengi, baba mkubwa."

"Wengi. Na hao wengine wakisoma tangazo lako, si watakuwa wametangulia kujua tunachotaka kufanya? Nitaandika kwa mkono."

Aliandika kwa kaka yake Raimundi, mkubwa wa ukoo, kule Liparamba. Aliandika mezani nje, mchana, kalamu ya bluu, karatasi yenye mistari. Alikuwa anajivunia mwandiko wake. Barua yenye neno lililokatwa hakuwahi kuituma kwa mtu. Akikosea herufi moja, alianza karatasi mpya.

Aliandika kwamba anaomba sengu iitishwe tena, ya watu waliokaa chini na kuonana nyuso, wanaume na wanawake, baada ya kahawa kuuzwa. Kwamba kuanzia sasa yeyote atakayesema yeye ni Kinunda aulizwe ni mwana wa nani, na yeye Isidori yuko tayari kuulizwa wa kwanza, na hatahesabu kuwa ametukanwa. Kwamba picha za watoto, majina yao na shule zao vitolewe kundini, kuanzia ile aliyoiagiza yeye mwenyewe kwa majivuno. Na kwamba mtoto mmoja wa ukoo, ambaye hatamtaja, alikosea akamwamini mtu huyo, lakini sasa yuko salama.

Alipomaliza alimwita Vitalia.

"Soma. Kama kuna usilotaka liende, sema."

Vitalia alisoma amesimama. Hakuisoma kwa sauti. Alifika karibu na mwisho akakaa.

"Jina langu halimo."

"Halimo."

"Acha hivyo hivyo." Aliweka kidole kwenye mstari. "Babu, naomba kalamu."

Alimpa. Vitalia alikata neno moja, mstari mnene wa bluu juu yake, *alikosea*. Na juu ya mstari ule akaandika kwa herufi zake za shule, *alidanganywa*. Akarudisha kalamu.

Mzee aliitazama karatasi. Lile doa lilikuwa katikati kabisa, mahali ambapo Raimundi angeliona kabla ya kusoma chochote. Mkono wake ulikwenda kwenye karatasi mpya, kwa mazoea, ukafika, ukarudi.

"Imekaa vizuri," alisema.

Notburga alileta kipande cha ugali wa mchana. Mzee aliikunja barua, akaitia kwenye bahasha, akapaka ugali kwenye mdomo wa bahasha na kuubana kwa kidole gumba. Kisha, kwa kuwa alikuwa ni Isidori, akapaka na upande wa chini, ambao kiwanda kilikuwa kimeshaufunga. Aliishika juani mpaka ikakauka.

Musa alikuwa anapakia chumvi na sabuni za kupeleka Liparamba. Alipomwona Mzee anakuja na bahasha mkononi alisimamisha kazi.

"Shikamoo, Mzee Kinunda. Leo nani anampa nani bando?"

"Marahaba, Musa," alisema Mzee, na akaisema polepole, yote, mpaka mwisho. "Juzi nilikukosea mbele ya watu. Nimekuja mbele ya watu."

Zamda, aliyekuwa mlangoni, aliwatazama wanawake waliokuwa dukani ili ahakikishe wamesikia.

"Yamekwisha, mzee wangu. Hiyo ya nani?"

"Ya Raimundi Kinunda. Umpe mkononi mwake. Akitokea mtu akasema ni mwanawe, eti atakupelekea..."

"Nitamuuliza mama yake ni nani," alisema Musa.

Mzee aligeuza bahasha, akabonyeza tena pembe zote nne, na akampa.